Mama wa Kanisa na Kibanja Kisicho Chake

Ibada ikiisha katika sharika nyingi za Kagera, watu hawatawanyiki mara moja. Hubaki uwanjani wakisubiri mnada. Sadaka za mazao zilizopelekwa madhabahuni asubuhi, mkungu wa ndizi, kuku aliyefungwa miguu, mayai, maharage kwenye kikapu, hunadiwa mbele ya mlango wa kanisa na mzee wa usharika, na fedha inayopatikana huingia kwenye hesabu ya sadaka ya siku. Ukitazama ni nani analeta na ni nani ananunua, utaona wanawake pande zote mbili. Mmoja ameukata mkungu kibanjani na kuubeba kichwani hadi kanisani. Mwingine, mama lishe wa Kashai au mchuuzi wa stendi ya Muleba, ameununua kwa bei iliyopandishwa na upendo wa nyumba ya Bwana, huku akijua kwamba kesho sokoni fedha yote haitarudi. Sehemu ya mtaji wake imekuwa sadaka papo hapo.

Makala haya ni kwa ajili ya wanawake hao. Ndio wanaoimba kwaya, wanaofundisha shule ya Jumapili, wanaoongoza jumuiya ndogondogo upande wa Wakatoliki na vikundi vya wanawake upande wa Walutheri. Kwenye makanisa ya Kipentekoste ndio wanaokesha kwenye maombi. Mgonjwa akihitaji kuogeshwa huitwa wao, na msiba ukitokea masufuria ni yao. Na karibu kila mmoja anauza kitu: matoke, dagaa, vitenge, chapati, mikeka, na Novemba ikifika, senene.

Katika semina za wanawake za makanisa, tatizo lao huelezwa kuwa ni ratiba. Mhubiri huchora ubaoni: Mungu kwanza, kisha familia, kisha kazi. Akina mama huandika kwenye madaftari, huitikia amina, kisha hurudi kwenye wiki ileile. Kuna siku ya maombi, siku ya kutembelea wagonjwa, jioni za mazoezi ya kwaya, Jumamosi ambayo ndiyo siku ya soko, Jumapili, na katikati ya yote hayo msiba unaoweza kula siku tatu bila kuuliza mtu ana deni gani. Sina ugomvi na mpangilio wa mhubiri. Lakini nimesikiliza mafundisho haya kwa muda mrefu, na ninaamini yanagusa jani na kuacha shina. Kinachombana mwanamke wa Bukoba na Muleba kati ya huduma na biashara ni mali kuliko saa. Anahudumu kwa mikono yake na kufanya biashara kwa mtaji mdogo, juu ya ardhi ambayo, katika kaya nyingi, jina lake halimo.

Msomaji asiyezijua nyumba za Kihaya anahitaji maelezo kidogo. Kibanja ni shamba linalozunguka nyumba, lenye migomba na mibuni iliyochanganywa, na makaburi ya ukoo humo humo. Udongo wake umerutubishwa kwa vizazi na samadi na majani yaliyokatwa kwenye rweya, yaani nyika ya nyasi iliyo nje ya makazi. Mwanamke hubeba majani hayo, hupanda maharage chini ya migomba, huvuna na kupika. Kahawa, zao la fedha, kwa desturi ni ya baba, na kibanja chenyewe ni cha ukoo wa kiume. Sehemu ya mwanamke ilikuwa kule rweya, kwenye udongo uliochoka, alikolima njugu mawe na karanga. Kwa hiyo, hata kabla ya kanisa kufika, biashara ya mwanamke wa huku ilianzia pembezoni mwa mali ya nyumba yake.

Kanisa lilipofika, lilikuwa mlango kwa baadhi ya wanawake. Mapadri wa White Fathers walifungua misheni ya Kashozi, kaskazini mwa mji wa Bukoba, mwaka 1892. Upande wa Waprotestanti, injili ilikuwa tayari imevuka kutoka Uganda kupitia Wahaya wenyewe kabla ya wamisionari Wajerumani wa Bethel kuwasili mwaka 1910. Mtafiti Birgitta Larsson, aliyechapisha kitabu chake Uppsala mwaka 1991 kuhusu wanawake, kanisa na mabadiliko ya jamii katika eneo hili wakati wa ukoloni, ameonyesha jinsi wanawake walivyoitumia misheni kutafuta uhuru ambao ukoo haukuwapa. Walikuwapo waliokimbilia misheni kuepuka ndoa wasizozitaka. Kutoka miongoni mwa wanawake wa namna hiyo Kagera ilipata watawa wake wa kwanza, na mpaka leo Masista wa Mtakatifu Theresia wa Bukoba huunganisha sala na kazi za mikono, shule na zahanati bila mtu kuwaambia kwamba kazi inawapunguzia wito.

Njia nyingine ilikuwa ngumu zaidi, na tunaikwepa kwenye mahubiri. Wapo wanawake wa Kihaya waliokwenda Kampala na Nairobi enzi za ukoloni, wakapata fedha kwa njia ambazo kanisa na ukoo vilizilaani, kisha wakarudi na kununua vibanja. Kwa wengi wao hiyo ndiyo njia pekee iliyokuwa wazi ya kuwa na ardhi kwa jina lao. Ninalitaja jambo hili kwa heshima. Jamii iliyowafungia wanawake mlango wa urithi haikuwa na haki ya kushangaa walipotafuta dirisha.

Miaka mingi baadaye, mlango wenyewe ulifunguliwa na mwanamke mzee wa Muleba. Holaria Pastory alirithi ardhi ya ukoo kutoka kwa baba yake kwa wosia halali. Alipozeeka na kukosa mtu wa kumtunza, tarehe 24 Agosti 1988 aliiuza kwa Gervazi Kaizilege, mtu wa nje ya ukoo, kwa shilingi 300,000. Kesho yake tu, mtoto wa ndugu yake, Bernardo Ephrahim, alifungua shauri katika Mahakama ya Mwanzo ya Kashasha akidai mauzo hayo ni batili, kwa kuwa sheria ya kimila ya Wahaya haimpi mwanamke uwezo wa kuuza ardhi ya ukoo. Kanuni za mila zilizotangazwa na serikali mwaka 1963 zilisema hivyo waziwazi: mwanamke aitumie maishani mwake, asiiuze.

Mahakama ya Mwanzo ilimkubalia Ephrahim na kuamuru mnunuzi arudishiwe fedha yake. Mahakama ya Wilaya ya Muleba ikabatilisha uamuzi huo. Shauri lilipofika Mahakama Kuu Mwanza, Jaji James Mwalusanya aliamua Februari 1990 kwamba Katiba, ambayo iliwekewa Hati ya Haki za Binadamu mwaka 1984, inakataza ubaguzi wa kijinsia. Mwanamke ana haki ya kuuza ardhi aliyorithi kwa masharti yaleyale yanayomhusu mwanamume, na mauzo ya Holaria ni halali. Wanasheria wa Afrika Mashariki na mbali zaidi wanaitaja kesi hii hadi leo. Huku nyumbani ninaisikia ikitajwa mara chache mno, na sikumbuki kuisikia hata mara moja kwenye mimbari. Mwanamke aliyefanya tendo la kibiashara kabisa, kuuza mali yake ili aweze kuishi uzeeni, alibadilisha sheria ya nchi nzima. Ningependa wanakwaya wa Kashasha walijue jina lake kama wanavyowajua Ruthu na Naomi.

Wakati Mahakama Kuu ikitoa hukumu hiyo, Kagera ilikuwa inazika. Wagonjwa wa kwanza wa ukimwi nchini Tanzania waliripotiwa mkoani huku mwaka 1983, miaka minne tu baada ya vita vya Kagera kumalizika. Watu waliuita ugonjwa huo Juliana, jina la kitambaa kilicholetwa na wafanyabiashara wa mpakani. Katika miaka iliyofuata vibanja vingi vilibaki na bibi na wajukuu, au na mjane aliyekuwa akisubiri kujua kama shemeji zake watamruhusu kukaa. Hapo ndipo maneno huduma na biashara yalipopoteza mpaka. Dayosisi ya Kaskazini Magharibi ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT) ilianzisha HUYAWA, Huduma ya Watoto, kuwasaidia yatima. Lakini kabla ya mradi wowote kufika, kulikuwa na jirani mwenye meza ya nyanya aliyeongeza vikombe viwili vya uji. Faida ya meza ile ndiyo iliyokuwa mfuko wa yatima.

Nshamba, wilayani Muleba, kuna jambo ambalo lingepaswa kusomwa na kila anayepanga bajeti ya diakonia. Shirika la Kwa Wazee lilianza mwaka 2003 kuwapa wazee pensheni ndogo ya fedha taslimu kila mwezi, wengi wao wakiwa mabibi wanaolea wajukuu. Hawakupewa mbuzi wala semina. Tathmini iliyochapishwa mwaka 2008 ilionyesha kwamba fedha hiyo ilikwenda kwenye chumvi, sabuni, viatu vya shule na chakula bora zaidi cha watoto. Bibi mwenye shilingi mkononi alijua la kufanya nazo. Alichokuwa amekosa miaka yote ni shilingi yenyewe.

Kanisa nalo, kwa upande wake, ni aina ya akiba. Watafiti waliofanya kazi katika kijiji cha Nyakatoke, wilaya ya Bukoba, mwaka 2000 waliziuliza kaya zote 119 za kijiji kile zinamtegemea nani wakati wa shida. Undugu ulihesabika, ukaribu wa nyumba ukahesabika, ukoo ukahesabika, na dini pia. Watu hukopeshana na kubebana zaidi na wale wanaosali nao. Waligundua vilevile kwamba kaya maskini zina mtandao hafifu kuliko zenye uwezo. Matokeo hayo yananifanya nielewe kwa nini mama mwenye genge haachi kwenda kwenye mazoezi ya kwaya hata siku ambayo angeuza zaidi. Kwaya ndiyo itakayombeba mtoto wake hospitali usiku wa manane. Akiacha huduma, anapoteza bima yake. Akiacha biashara, anapoteza cha kutoa kwenye huduma, na baada ya muda ataona aibu kukaa kwenye benchi lilelile. Kumwambia achague ni kutoyajua maisha yake.

Na shida za Kagera zimekuwa na tabia ya kupiga soko na kanisa kwa pamoja. MV Bukoba ilipozama karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996, zaidi ya watu 800 walikufa, na meli ile ilikuwa na wafanyabiashara na mikungu ya ndizi iliyopakiwa Bukoba na Kemondo. Kuna familia zilizopoteza mtaji na aliyeuendesha kwa siku moja. Muongo mmoja baadaye, kwenye mwaka 2006, mnyauko wa migomba ulionekana Muleba. Ugonjwa ule huunyausha mgomba na kuozesha ndizi kwenye mkungu, na dawa yake kubwa ni kazi: kung'oa shina lililougua, kusafisha panga kabla ya kugusa shina jingine, kutoa ua dume kwa kijiti chenye panda. Kazi hiyo iliangukia wengi ambao mali ile haikuwa yao. Kisha Jumamosi ya tarehe 10 Septemba 2016, saa tisa na nusu alasiri, tetemeko la ukubwa wa 5.9 lilipiga. Watu wasiopungua 17 walikufa na Hamugembe mjini Bukoba ikawa mtaa wa nyufa na mahema. Jumamosi saa tisa ni saa ya soko na saa ya kwaya. Wiki zilizofuata watu walisali nje, na waliopika chakula cha waliolala nje walikuwa ni walewale ambao vibanda vyao vya biashara vilikuwa vimeanguka.

Kuna jambo moja ambalo kanisa na biashara vimekwaruzana juu yake tangu uamsho wa Walokole ulipoingia Bukoba ukitokea Rwanda na Uganda mwishoni mwa miaka ya 1930: pombe. Rubisi, pombe ya ndizi na mtama, iko ndani kabisa ya desturi ya huku, kwenye posa, kwenye msiba, kwenye kupokea wageni. Ni pia bidhaa yenye soko la uhakika kila jioni. Mjane asiye na kahawa anaweza kulipa ada kwa kuuza rubisi au gongo, na papo hapo kutengwa na meza ya Bwana. Mimi ni miongoni mwa wanaoamini kwamba gongo imeharibu nyumba nyingi, na sitaki kanisa liibariki. Ninachodai ni kwamba mzee wa kanisa anayemfuata mama huyo na onyo awe na kitu kingine mkononi. Ukimfungia mtu biashara kwa jina la Kristo, umejitwika ada za watoto wake mpaka apate nyingine.

Na hiyo nyingine inaanza na mkopo, mahali ambapo akina mama wengi wanaumia leo. VICOBA vimewasaidia sana: kununua hisa kila wiki, mfuko wa jamii pembeni, sanduku lenye kufuli, mgawo mwisho wa mwaka. Vikundi vingi vilizaliwa kwenye mabenchi ya kanisa kwa sababu huko ndiko watu wanakoaminiana. Halmashauri nazo hutakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, asilimia 4 ikiwa ya wanawake. Lakini mikopo hiyo ilisimamishwa Aprili 2023 na kurejeshwa mwaka 2024. Katika kipindi kama hicho ndipo mwenye mkopo wa kausha damu hupata wateja. Marejesho yake ni ya kila siku au kila wiki, riba yake haielezwi vizuri, na dhamana yake ni televisheni, godoro na sufuria. Mwanamke asiye na hati ya ardhi hana dhamana nyingine. Nimeona viongozi wa vikundi vya maombi wakitoweka kanisani ghafla, watu wakadhani wamepoa kiroho, kumbe wanamkwepa mdai ambaye naye ni mshirika wa usharika uleule.

Hali ya mke wa mchungaji au mwinjilisti ina uchungu wake wa pekee. Posho ya mumewe mara nyingi ni ndogo, kwa hiyo yeye ndiye anayefuga kuku na kushona sare za kwaya ili nyumba ya huduma isimame. Miaka inapita, wateja wanamzoea, bustani inashika. Kisha barua ya uhamisho inafika. Mume anahamisha wito wake na vitabu vyake. Mke hawezi kuhamisha wateja wala migomba, na anakofika anaanza upya, akitarajiwa siku ya kwanza kabisa awe tayari ameandaa chai ya wageni. Sijui mfanyabiashara gani angestahimili kufilisiwa kila baada ya miaka michache na mwajiri wa mwenzi wake.

Mkoa huu umetoa Kardinali wa kwanza Mwafrika, Laurean Rugambwa, mwaka 1960, na Rais wa kwanza Mwafrika wa Shirikisho la Kilutheri Duniani, Askofu Josiah Kibira, mwaka 1977. Tunajivunia, na ni haki yetu. Umetoa pia Profesa Anna Tibaijuka, mzaliwa wa Muleba, aliyeongoza Baraza la Wanawake Tanzania (BAWATA) katikati ya miaka ya 1990 wakati baraza lile lilipopigania haki za wanawake kabla ya kufutiwa usajili. Mwanzoni mwa muongo uleule KKKT iliruhusu wanawake kubarikiwa kuwa wachungaji, na leo wapo Kagera wanaohubiri wakiwa na kola shingoni. Hatua hiyo ni kubwa. Hata hivyo mchungaji mwanamke akirudi kwenye kijiji cha baba yake, swali la kibanja linamsubiri kama linavyomsubiri dada yake anayeuza dagaa.

Sheria ipo. Mahakama ya Rufani ilishasema mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed, kwamba kazi za nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inabatilisha mila inayomnyima mwanamke ardhi, inataka watatu kati ya wajumbe saba wa baraza la ardhi la kijiji wawe wanawake, na inaruhusu hati ya haki miliki ya kimila kuandikwa kwa majina ya mume na mke pamoja. Kinachokosekana ni mtu ambaye familia itamsikiliza anapolitaja jambo hilo mapema, wakati hakuna jeneza sebuleni na hakuna shemeji aliyekwisha kupima mipaka.

Mtu huyo yupo katika kila kijiji cha Bukoba na Muleba. Mchungaji na padri hutangaza ndoa Jumapili tatu mfululizo, na huwaita wachumba ofisini kwa mafundisho. Huwauliza kuhusu ubatizo, kipaimara na vizuizi vya undugu. Aongeze maswali mawili: kibanja mtakachoishi kimeandikwa kwa jina la nani, na siku mmoja wenu akifa, mwingine atabaki wapi? Jibu likiwa halieleweki, awape barua waende kwa mtendaji wa kijiji, na tangazo la tatu lisubiri hadi warudi.